Kupiga, Kudonoa na Kugonga: Historia Fupi ya Maneno ya Nyuzi na Ngoma, Pamoja na Mifano ya Njombe na Makambako

1. Utangulizi

Miongoni mwa vitenzi vya Kiswahili hakuna kinachobebeshwa mizigo mingi kama kupiga. Mtu hupiga ngoma, hupiga zeze, hupiga tarumbeta. Hupiga pasi, hupiga picha, hupiga hatua, hata akapiga magoti. Katika mazungumzo ya kila siku wingi huu si dosari, kwa kuwa nomino inayofuata huondoa utata. Lakini lugha inapopewa kazi ya kufundishia ufundi, uzuri huo hugeuka kuwa kikwazo. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi "piga uzi ngoma inapopigwa" ametumia kitenzi kimoja kwa matendo mawili yasiyofanana, na mwanafunzi hajui vidole vyake vifanye nini.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maneno yetu ya kuchezea vyombo vya nyuzi yalivyokua, hasa pale chombo hicho kinapolazimika kwenda sawa na mpiga ngoma. Na kisha kupendekeza namna ya kuyatenga maneno hayo. Mifano mingi imechukuliwa Nyanda za Juu Kusini, katika Njombe na Makambako, ambako vyombo vya asili, kinanda cha kanisani na gitaa la dansi vimekutana katika eneo dogo. Jambo lenyewe laweza kuonekana dogo kwa mtumishi wa ofisini. Hata hivyo mfasiri wa muhtasari wa masomo ya muziki, au wa kitabu cha kiada, hukutana nalo katika ukurasa wa kwanza, na akikosea hapo makosa yake huenda hadi chumba cha mtihani.

2. Nyuzi zisizo na mpiga ngoma

Chombo cha nyuzi kinachojulikana sana katika Nyanda za Juu Kusini ni ligombo, ambalo ni mashuhuri hasa kwa Wahehe, majirani wa Wabena kwa upande wa kaskazini. Ni ubao mrefu uliochongwa na kufanywa bonde kama kihori kidogo. Uzi mmoja mrefu huvutwa kutoka ncha moja hadi nyingine, ukapitishwa katika mapengo yaliyokatwa nchani, ukarudi, ukaenda tena, hata ukafanya safu ya nyuzi kadhaa. Kibuyu hufungwa kwenye ubao ili kukuza sauti. Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa asili, ligombo lilikuwa miongoni mwa vyombo alivyovikuta na kuvihifadhi katika santuri.

Kwa mtu anayetafuta istilahi, jambo la kuangalia ni hili: mchezaji wa ligombo kwa kawaida huimba peke yake. Yeye ndiye mwimbaji na ndiye mwenye nyuzi. Akitaka kurefusha usimulizi wake, mkono humsubiri. Akitaka kuharakisha, mkono humfuata. Hana mtu wa pembeni anayemdai wakati. Kwa hiyo lugha ya chombo hiki haikuhitaji neno la kutofautisha kuanza kwa sauti ya uzi na kuanza kwa sauti ya ngoma. Kosa la kumwita mchezaji huyo "mpiga zeze", kama wafanyavyo baadhi ya wafasiri, ni kosa maradufu: kwanza ligombo si zeze, ambalo kwa wengi lina shingo, na kwa Wagogo huchezwa kwa kusuguliwa na upinde, pili, mchezaji hapigi uzi, bali huuvuta kwa kidole na kuuachia.

Kipo chombo kingine, cha kale zaidi, ambacho uzi wake hugongwa kwa kweli. Nacho ni upinde wa muziki, ulioenea katika sehemu nyingi za Afrika ya mashariki na ya kusini. Mchezaji hugonga uzi wa upinde kwa kijiti chembamba au ukoka mgumu. Kidole cha mkono wa pili huugusa uzi na kuufupisha, na hivyo kupata sauti ya pili iliyo juu ya ile ya kwanza. Kinywa, au kibuyu kilichofungwa kwenye upinde, huchagua na kukuza sauti nyembamba zilizomo ndani ya sauti nene. Hapa mkono mmoja unafanya kazi ya ngoma na mwingine kazi ya sauti. Twaweza kusema kwamba katika upinde mpiga ngoma na mpiga nyuzi ni mtu yule yule, na kwamba wazo la kugonga uzi si geni kwetu hata tungoje kulipokea kutoka ng'ambo.

3. Safari ya neno kinanda

Neno kinanda lina historia ambayo kila mfasiri yampasa kuijua. Leo neno hili humaanisha chombo chenye vibao vya kubonyeza, kiwe cha upepo au cha umeme. Lakini zamani halikuwa hivyo. Kitabu cha Edward Steere cha kufundishia Kiswahili, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1870, kilieleza kinanda kuwa chombo cha nyuzi, na kikaongeza kuwa jina hilo lilikuwa likipewa karibu vyombo vyote vya Kizungu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, iliyotolewa chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, nayo ilibakiza maana ya nyuzi pamoja na maana mpya.

Katika miji ya pwani kinanda kilikuwa jina la gambusi na pia la muziki wake. Kulikuwa na kinanda cha marwasi, yaani gambusi likisindikizwa na vingoma vidogo vyenye ngozi pande mbili viitwavyo marwasi. Huu ndio mfano wetu wa kale ulio wazi wa chombo cha nyuzi kikienda na wapiga ngoma walio watu wengine. Taarabu ilipostawi Unguja, ambako kikundi cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905, na sauti ya Siti binti Saad iliporekodiwa Bombay mwaka 1928, desturi hiyo ya nyuzi na ngoma ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Huku bara neno lilipanda kwa njia nyingine. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na kabla ya karne ya 19 kwisha walikuwa wamekwisha kufungua vituo Ubena. Wakatoliki nao wakafuata. Kinanda kilichojulikana na watu wa Njombe kwa njia ya makanisa ni kile cha kubonyeza vibao. Kwa hiyo mtu wa Njombe aliposikia "piga kinanda" aliona vidole vikishuka juu ya vibao, hali mtu wa Lamu wa zama zile aliona vidole vikikwangua nyuzi. Neno moja, matendo mawili.

Tofauti hii si kubwa kama inavyodhaniwa. Ndani ya piano mmo nyuzi, na kila kibao kinaposhushwa nyundo ndogo hugonga nyuzi zake. Katika chombo kilichoitangulia piano huko Ulaya, kiitwacho klavikodi, hapana nyundo: kipande chembamba cha shaba huinuka, kikagonga uzi, kisha kikabaki kimeugusa muda wote sauti inaposikika. Kipande hicho hufanya kazi mbili kwa mara moja: huanzisha sauti, na papo hapo huamua urefu wa uzi unaotetema. Msomaji na alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

4. Gitaa, chupa na njia panda

Gitaa lilienea Afrika ya Mashariki kwa njia za kazi na biashara. Watu wa Njombe walikuwa miongoni mwa waliokwenda kwa wingi katika mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni, na njia za wafanyakazi zilikuwa pia njia za nyimbo. Santuri na redio zikaongeza. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi, katika Katanga. Mtindo wake, ambao vidole viwili, gumba na cha shahada, huvuta nyuzi kwa kupishana, ulisikika hadi Nairobi, ambako yeye na Edouard Masengo walikwenda kufanya kazi.

Katika muziki ule wa Katanga mwenzi wa mpiga gitaa mara nyingi hakuwa na ngoma, bali chupa tupu iliyogongwa kwa kijiti au kipande cha chuma. Sauti ya chupa ni kali na fupi. Haina mkia wa kuficha makosa. Mpiga gitaa aliyechelewa aliumbuliwa na chupa mara moja. Ndipo lugha ya wanamuziki ilipoanza kuhitaji maneno ya nidhamu: kushika mapigo, kukosa mapigo, kuingia, kutoka, kukimbia.

Bendi za dansi zilipopata drams na magitaa ya umeme, mahitaji hayo yalizidi. Makambako ilikuwa mahali pazuri pa kuyaona. Hapo barabara iendayo Njombe na Songea huachana na barabara kuu ya Iringa na Mbeya, na hapo pana stesheni ya reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Bendi iliyotoka Iringa ikielekea Songea kwa gari haikuwa na njia nyingine iliyo rahisi. Radio Tanzania Dar es Salaam nayo ilirekodi bendi na kuzirusha hadi vijiji vya mbali, na Iringa yenyewe ikawa na Tancut Almasi katika miaka ya 1980.

Zama hizo ndizo zilizozaa msamiati ambao kamati nyingi zingeona fahari kuutunga. Waandishi wa habari za burudani, pamoja na watangazaji, hawakuridhika na kupiga. Mwenye gitaa la solo wakamwita mcharazaji au mkung'utaji. Mwenye besi wakamwita muungurumishaji. Mwenye kinanda, mpapasaji. Mwenye saksafoni, mpulizaji. Tuyatazame maneno haya kwa makini. Kucharaza ni kuchapa kwa fimbo nyembamba, upesi na mara nyingi. Kukung'uta ni kutikisa kitu kwa mishtuko ili kilichomo kitoke. Kupapasa ni kugusa kwa vidole juu juu, bila nguvu. Kila neno limechukuliwa katika kazi za nyumbani, na kila moja linaeleza mwendo wa mkono kwa usahihi. Hakuna aliyelipwa kwa kazi hiyo, wala hakuna orodha iliyopitishwa. Lakini wasomaji wa magazeti walielewa tangu siku ya kwanza.

5. Vidole vinavyogonga

Sasa twaja kwenye ufundi uliosababisha tatizo jipya la istilahi. Katika gitaa la kawaida mkono mmoja hubonyeza uzi juu ya kipingo cha shingo ili kuchagua sauti, na mkono wa pili huuvuta uzi. Lakini yawezekana kuacha kazi ya mkono wa pili: kidole kikishuka kwa nguvu na kuushindilia uzi kwenye kipingo, pigo hilo lenyewe huutoa sauti. Huko Marekani Jimmie Webster alitoa kitabu cha kufundisha namna hiyo mwaka 1952. Mwaka 1969 Emmett Chapman, mpiga gitaa wa Los Angeles, aligundua njia ya kuitumia mikono yote miwili kwa usawa, kila mmoja ukiukabili ubao wa shingo kutoka upande wake. Akabuni chombo maalumu kiitwacho Chapman Stick, kilichoanza kuuzwa mwaka 1974: ubao mrefu usio na tumbo, wenye nyuzi kumi, baadhi za besi na baadhi za sauti ya juu. Sauti ya kugonga ni hafifu, kwa hiyo chombo hutegemea umeme. Tony Levin alikitumia katika bendi ya King Crimson tangu mwaka 1981, akienda pamoja na mpiga ngoma Bill Bruford. Chapman alifariki mwaka 2021.

Kwa nini ufundi huu umhusu mwalimu wa Makambako? Kwa sababu unafunua tofauti ambayo kupiga huificha. Mtu anapouvuta uzi, sauti haianzi kidole kinapogusa uzi. Huanza kidole kinapouachia. Kati ya kugusa na kuachia pana muda. Mtu anapogonga uzi, sauti huanza papo hapo kidole kinapofika. Na mpiga ngoma vivyo hivyo: sauti yake huanza mkono au kijiti kinapofika kwenye ngozi. Maana yake ni kwamba mgonga nyuzi na mpiga ngoma wana tendo la aina moja, na waweza kushuka pamoja. Bali mdonoa nyuzi lazima atangulie kugusa ili awahi kuachia.

Tufanye hesabu ndogo. Ikiwa ngoma yaenda kwa mapigo 120 katika dakika, kila pigo lina nusu sekunde, na nusu ya pigo ina robo sekunde. Mwanafunzi anayegusa uzi sawasawa na ngoma, kisha akauachia baada ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde, amekula sehemu moja ya tano ya nusu-pigo hilo. Sikio hulitambua jambo hili, hata kama msikilizaji hajui kulitaja; atasema tu kwamba muziki "umelala". Mwalimu naye, akiwa na kitenzi kimoja tu, atamwambia "piga mapema", na mwanafunzi atakimbia na kuharibu zaidi. Angekuwa na maneno mawili angesema: "gusa kabla ya ngoma, achia pamoja na ngoma." Kosa lingekwisha.

Umbali pia una hesabu yake. Katika hewa ya ubaridi wa kiasi kama ile ya Njombe, sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Mchezaji aliye mita 17 kutoka kwenye ngoma huisikia ikiwa imechelewa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Ndiyo sababu katika uwanja wa wazi mwenye nyuzi hukaa karibu na mwenye ngoma, na akiwa mbali huangalia mkono wake badala ya kungoja sauti. Wazee hawakuhitaji hesabu hii ili kukaa karibu. Lakini kitabu cha kiada chahitaji maneno ya kuieleza.

6. Istilahi zipi?

Njia ya kwanza ni kuyachukua maneno ya kigeni na kuyatohoa. Njia hii imekwisha kutupa funzo. Neno ridhimu lilitoholewa, nalo katika dansi likawa jina la gitaa la pili, lile linalojaza kati ya solo na besi. Mfasiri anayeandika leo kwamba "mwanafunzi ashike ridhimu" atafahamika na wanamuziki kuwa amemkabidhi gitaa. Wengine wamependekeza mizani, lakini mizani imekwisha kukaliwa na washairi, ambao kwao ni hesabu ya silabi katika mshororo. Wengine hutumia mahadhi, na hapo hupotoka kabisa, kwa kuwa mahadhi ni sauti ya wimbo inavyopanda na kushuka. Wizani lina nafasi nzuri zaidi kwa maana ya jumla ya ulinganifu wa mapigo, kwa kuwa halijashikwa na kazi nyingine inayogongana nayo.

Njia ya pili, ambayo makala haya yanaiunga mkono, ni kuyatumia maneno yaliyopo na kuyawekea mipaka. Kwa upande wa wakati: pigo liwe tukio moja la kuhesabika; mwendo uwe wepesi au uzito wa mapigo; wizani uwe mpangilio wake; na mdundo ubaki kuwa sauti ya ngoma yenyewe, isichanganywe na hayo mengine.

Kwa upande wa mkono: kudonoa kuwe kuuvuta uzi mmoja kwa ncha ya kidole na kuuachia, kama kuku adonoavyo punje kisha akainua kichwa, kucharaza kuwe kupitisha mkono juu ya nyuzi nyingi kwa mara moja, kusugua kuwe kwa vyombo vya upinde kama fidla na zeze la Wagogo, kubonyeza kuwe kwa vibao vya kinanda, na pia kwa kidole kinachochagua sauti bila kuianzisha. Kupapasa, ingawa lilitungwa kwa nia njema, lina harufu ya kutafuta gizani, na afadhali libaki katika magazeti.

Na kugonga kuwe kuanzisha sauti kwa kitu kinachofika kwenye uzi, kiwe kijiti cha upinde wa muziki, nyundo ya piano, au kidole. Patatokea pingamizi kwamba anayegonga, kama agongaye mlango, huurudisha mkono, hali kidole kwenye shingo ya chombo hubaki. Pingamizi hilo ni la haki, na ndipo mfano wa klavikodi unapotufaa. Katika kugonga kwa aina hiyo kuna hatua tatu: kugonga, ambako sauti huanza, kushikilia, ambako sauti hudumu, na kuachia, ambako sauti hukoma. Kwa mdonoaji neno kuachia ni mwanzo wa sauti. Kwa mgongaji ni mwisho wake. Mwalimu akilisisitiza hilo ubaoni, amekwisha kufundisha nusu ya ufundi.

Kupiga lisifutwe. Libaki kuwa neno la jumla, kama vile chombo lilivyo neno la jumla la ligombo, gitaa na ngoma. Lakini katika maelezo ya zoezi, katika swali la mtihani na katika tafsiri ya kitabu cha ufundi, lisitumike peke yake.

7. Hitimisho

Haja ya maneno haya imezidi badala ya kupungua. Katika makanisa mengi ya Tanzania siku hizi kwaya husindikizwa na kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake. Mpiga ngoma huyo hachoki, hamwangalii mwenzake, wala hamsubiri aliyechelewa. Mchezaji wa ligombo aliuongoza wakati. Mpiga gitaa wa dansi aliugawana na mwenziwe. Kijana wa kwaya wa Njombe yampasa kuufuata kama ulivyo. Mwalimu wake hana budi kumweleza kwa usahihi lini aguse, lini abonyeze, na lini aachie.

Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967 lilipewa, pamoja na mengine, kazi ya kukuza na kusimamia istilahi. Kazi hiyo haianzii mezani. Kabla ya kupitisha orodha yoyote ya maneno ya muziki, yafaa wakusanyaji wafike kwa wachonga ligombo, kwa wanakwaya, na kwa mafundi wa dansi waliobaki katika miji kama Makambako, wayaandike matendo ya mikono yao jinsi wao wenyewe wanavyoyataja, kwa Kihehe, kwa Kibena na kwa Kiswahili. Wazee wenye ujuzi wa vyombo hivyo wanapungua mwaka hadi mwaka, na kitenzi kinachokufa pamoja na mwenyewe hakipatikani tena katika kamusi ya lugha nyingine.